Mukoepidemoidi au adenoidi sistiki? Uvimbe wa tezi za mate unaoota pafuni na maamuzi yake

Majibu ya kinyama kilichonyofolewa kifuani kwa ajili ya kupimwa yalipotoka, mdogo wangu aliyasoma mara mbili, kisha akanipa karatasi huku kidole chake kikiwa juu ya mstari mmoja. "Dada, mimi naumwa kifua. Hapa wameandika habari za tezi za mate. Hawajachanganya karatasi hawa?"

Hawakuwa wamechanganya. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka miwili ya kutibu pumu ambayo haikuwa pumu, na sasa tukakabidhiwa ugonjwa ambao hata baadhi ya wauguzi wodini walituomba turudie jina lake. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyeshika karatasi ya namna ile leo, iwe yake au ya nduguye, na anatakiwa kuamua: apasuliwe kwa namna gani, akubali mionzi au aikatae, afuatiliwe kwa miaka mingapi. Sina udaktari. Nilichonacho ni miaka ya kukaa kwenye mabenchi ya kliniki, kusoma, na kuuliza maswali hadi watu wakanichoka.

Mate yamefikaje pafuni

Ndani ya bomba la hewa, kuanzia trakea (bomba kuu linaloshuka kutoka kooni) hadi kwenye bronkasi kubwa (matawi yake yanayoingia mapafuni), kuna utando laini. Chini ya utando huo kumejaa vitezi vidogo vinavyotoa ute wa kunasa vumbi na kulainisha njia. Kwa umbile na kwa kazi, vitezi hivi vinafanana mno na vitezi vidogo vya mate vilivyotapakaa mdomoni. Basi uvimbe unaoweza kuota kwenye tezi ya mate unaweza kuota hapa pia, na kinywa cha mgonjwa kikawa kizima kabisa.

Ni nadra sana. Aina zote zikijumlishwa hazifikii 1 kati ya kila uvimbe 100 unaoanzia pafuni. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa mwaka 2021, limeziweka pamoja chini ya kichwa kimoja, na zinazoongoza kwa idadi ni mbili: kasinoma ya mukoepidemoidi na kasinoma ya adenoidi sistiki. Kasinoma ni saratani. Hizi ndizo nitakazozilinganisha. Nyingine nitazigusa tu, kwa sababu karibu zote jibu lake ni lile lile: zitolewe, na zitolewe zote.

Zamani zote mbili ziliitwa "adenoma ya bronkasi", zikafungwa fungu moja na karsinoidi, uvimbe mwingine wa njia ya hewa. Adenoma ni neno la uvimbe usio na madhara. Jina lile liliwapumbaza watu kwa miongo mingi, hasa kwa upande wa adenoidi sistiki, ambayo inakwenda polepole lakini haiachi kwenda. Ukikutana na jina hilo kwenye maandishi ya zamani, au daktari mzee akilitamka, usipumue kwanza. Muulize ni ipi kati ya hizo.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja ambalo ningetamani niwe nimeambiwa siku ya kwanza. Karatasi ikisema mukoepidemoidi, swali la kwanza ni daraja, yaani ukali wa seli. Ikisema adenoidi sistiki, swali la kwanza ni kingo, yaani kama pale kisu kilipopita pamebaki safi. Karibu maamuzi yote mengine yanatoka hapo.

Zinapofanana, na kwa nini wengi huchelewa

Dalili hazitakusaidia kujua ni ipi. Zote mbili zinaziba njia ya hewa kutoka ndani, kwa hiyo zote huleta kikohozi, mlio kifuani, pumzi kukata, wakati mwingine makohozi yenye damu. Zote mbili hazina uhusiano wa wazi na sigara, tofauti kabisa na saratani ya mapafu ambayo watu wengi wanaifahamu. Mgonjwa ni kijana, havuti, anakoroma kifuani: nani atafikiria saratani? Anapewa dawa ya kuvuta. Akitema damu anapimwa kifua kikuu, majibu yanatoka safi, anarudishwa nyumbani.

Picha ya eksirei nayo inaweza kukuangusha. Uvimbe ulio ndani ya trakea unajificha nyuma ya mifupa na kivuli cha moyo, na mapafu yenyewe yanaonekana safi kabisa, hayana neno. Eksirei ya mdogo wangu ilisomwa "kawaida" mara mbili.

Dalili za kumshtua mtu zipo, ila zinahitaji sikio. Mlio wa pumu husikika pande zote na huja na kuondoka. Mlio wa bronkasi iliyozibwa hung'ang'ania upande mmoja. Nimonia inayorudi sehemu ile ile ya pafu, mara ya pili, mara ya tatu, ina kitu kinachoiita. Mlio unaosikika zaidi wakati wa kuvuta pumzi kuliko wa kuitoa unaelekeza kwenye trakea. Kuna pia kipimo cha kupuliza, spirometri: kwa mwenye uvimbe wa trakea, mchoro wake unaweza kutoka bapa juu na chini, kama kisanduku, badala ya ule wenye ncha kali. Mdogo wangu alipopuliza, fundi wa mashine alimwambia arudie akidhani hakupuliza vizuri. Alirudia mara nne. Kisanduku kikatoka kile kile mara nne, na hapo ndipo mtu mmoja akasema, "Huyu apelekwe CT," yaani picha ya kina ya kifua.

Zinapoanza kuachana: mahali na mwendo

Mukoepidemoidi hupenda bronkasi za lobu, yaani zinazoingia kwenye mafungu makubwa ya pafu, na matawi yanayofuata. Mara nyingi huota kama uyoga kwenye gogo: kichwa cha mviringo kinachoning'inia ndani ya njia, na shina lake upande mmoja. Kamera ya kuchungulia njia ya hewa ikiingia, daktari anaona donge lenye mpaka. Umri ni wowote, na wagonjwa wengi wako chini ya miaka 30; watoto wamo. Mzazi aliyeambiwa mtoto wake ana mukoepidemoidi ya bronkasi asidhani yuko peke yake: ugonjwa ni nadra, lakini katika saratani chache zinazoanzia pafuni kwa mtoto, huu ni mmoja wapo.

Adenoidi sistiki hukaa juu zaidi, kwenye trakea yenyewe na bronkasi kuu mbili. Katika saratani zinazoanzia kwenye trakea, ni ya pili kwa wingi baada ya ile ya seli bapa. Wengi hugundulika wakiwa na miaka 40 hadi 50 na kitu. Nao mwendo wake ndio unaoleta tabu yote. Umewahi kuona unyevu ukipanda ukutani chini ya rangi? Doa unaloliona ni dogo. Ukiibandua rangi ndipo unakuta maji yameshafika mbali. Adenoidi sistiki husafiri hivyo, chini ya utando, na hupenda kufuata mishipa ya fahamu. Kamera inaonyesha donge la sentimita mbili, CT inaonyesha mbili na kitu, lakini seli zenyewe zimekwishatambaa juu na chini ya pale jicho linapoishia.

Ndiyo maana kingo ni kila kitu katika ugonjwa huu. Ukingo ni pale kisu kilipopita. Mpatholojia, daktari anayesoma vinyama, anauangalia chini ya darubini aone kama bado kuna seli za saratani pale pale mwisho. Zikiwepo, huandika ukingo una ugonjwa. Kwa mukoepidemoidi ya daraja la chini, kingo safi ni jambo la kawaida. Kwa adenoidi sistiki ya trakea, ukingo wenye seli si ajabu hata mikononi mwa wapasuaji waliobobea, na si lazima iwe ishara ya uzembe.

Chini ya darubini

Hapa nitakwenda haraka kidogo, isipokuwa mambo matatu ambayo ningeyaulizia hata kama ningeambiwa ninasumbua.

Mukoepidemoidi ina seli za namna tatu zilizochanganyika: zinazotoa ute, zinazofanana na seli za ngozi, na za katikati zisizoelemea upande wowote. Nyingi hubeba muungano wa jeni mbili, CRTC1 na MAML2. Adenoidi sistiki huonekana kama chujio, matundu matundu yaliyozungukwa na seli ndogo nyeusi. Inaweza pia kujipanga kama vibomba, au kuwa donge gumu lisilo na matundu, na hilo la mwisho ndilo kali zaidi. Muungano wake ni wa jeni za MYB na NFIB.

Jambo la kwanza la kuulizia: je, kipimo cha kutafuta muungano wa jeni kimefanyika? Hili lina uzito hasa pale karatasi inaposema mukoepidemoidi ya daraja la juu. Ile hufanana sana na saratani ya kawaida ya mapafu iliyochanganya seli za tezi na seli bapa, na tiba zake hazilingani. Muungano wa CRTC1 na MAML2 ukionekana, unaunga mkono mukoepidemoidi. Usipoonekana, hautoshi kuikataa.

La pili: rangi ya TTF-1, ambayo maabara huipaka kwenye kinyama ili kutambua aina ya seli. Saratani ya kawaida ya tezi za pafu mara nyingi huipokea; hizi mbili kwa kawaida haziipokei. Kinyama kidogo kilichonyofolewa kwa kamera kinaweza kumdanganya msomaji asiyekutana na magonjwa haya, kwani daktari wa patholojia anaweza kumaliza miaka kadhaa bila kuona hata kimoja. Kama kuna pesa na nguvu za kufanya jambo moja tu kabla ya kupasuliwa, ningechagua vioo vilivyobandikwa kinyama visomwe mara ya pili na mpatholojia aliyezoea mapafu au tezi za mate.

La tatu: umeanzia hapa kweli? Adenoidi sistiki ya tezi ya mate mdomoni au shavuni inaweza kutuma mbegu pafuni miaka mingi baada ya kutolewa. Mdogo wangu alichunguliwa kinywa, akapapaswa chini ya taya na mbele ya masikio, akaulizwa kama aliwahi kufanyiwa upasuaji wowote usoni tangu utotoni. Alicheka, akasema waliwahi kumng'oa jino tu. Lakini swali lilikuwa la maana: madoa yaliyosafiri kutoka kwingine huwa pembeni mwa pafu, na mengi, uvimbe uliozaliwa hapa huwa umekaa ndani ya njia ya hewa, mmoja.

Kisu: upasuaji upi

Kwa zote mbili, kama inawezekana, upasuaji ndio tiba ya kwanza. Ila si upasuaji mmoja.

Kwa mukoepidemoidi, uchaguzi kwa kawaida ni kati ya kutoa lobu, kutoa pafu zima la upande mmoja, au kukata na kuunga. Hii ya tatu inahitaji maelezo. Fikiria unapunguza mkono wa shati kwa kutoa kipande cha katikati, kisha unashona ncha mbili zilizobaki. Mpasuaji anatoa pete ya bronkasi yenye uvimbe, pamoja na lobu yake ikibidi, anaunga bomba, na sehemu ya pafu iliyo nzima inaendelea kupumua. Clement Price Thomas alifanya hivyo London mwaka 1947, kwa mgonjwa aliyekuwa na uvimbe uliohesabiwa katika fungu lile lile la "adenoma", ili kijana yule asipoteze pafu lake.

Kwa daraja la chini, sioni sababu ya kukubali pafu zima litolewe kabla ya kumuuliza mpasuaji mwenye uzoefu wa kukata na kuunga. Ugonjwa wenyewe hauhitaji ukali huo. Ukingo mwembamba ulio safi unatosha, na mgonjwa mara nyingi ni kijana atakayelitumia pafu hilo kwa miaka 50 ijayo. Uvimbe wa daraja la chini ukitolewa wote, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka mitano, na wengi wao wamepona moja kwa moja.

Daraja la juu ni hadithi nyingine. Huko uvimbe unakimbilia tezi za limfu na matokeo yanashuka sana. Hapo mpasuaji hutoa zaidi, hukusanya tezi za limfu kwa umakini, na mara nyingi tibakemikali hujadiliwa kama inavyojadiliwa kwa saratani ya kawaida ya mapafu. Watu huchanganya daraja na hatua, tena hata watu wazima waliosoma. Daraja ni tabia ya seli. Hatua ni umbali ambao ugonjwa umefika. Uvimbe wa daraja la juu unaweza kuwa bado uko hatua ya kwanza. Uliza vyote viwili.

Kwa adenoidi sistiki ya trakea, swali si pafu gani litolewe. Swali ni bomba lenyewe lina urefu kiasi gani wa kukatwa. Trakea ya mtu mzima ina sentimita 10 hadi 13 hivi. Hermes Grillo wa Boston, ambaye upasuaji wa trakea wa leo unamtambua kama mwanzilishi, alionyesha kwamba kwa mtu mzima karibu nusu ya urefu huo inaweza kutolewa na ncha zikaungwa, mradi shingo ikunjwe na mapafu yalegezwe yapande. Ukivuka hapo, mshono unavutwa pande mbili, unakosa damu, unaachia. Na mshono wa trakea ukiachia, hilo ni jambo la kuua.

Kwa hiyo mpasuaji anapima mizani hii akiwa ameshika kisu. Kipande cha ukingo kinatumwa maabara, kinagandishwa, kinakatwa na kusomwa mgonjwa akiwa bado mezani. Jibu linarudi: bado kuna seli. Anakata pete nyingine. Bado. Sasa amefika mwisho wa kinachoweza kuungwa kwa usalama. Wengi wenye busara huishia hapo, wanaunga, na kuiachia mionzi kazi iliyobaki. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilikasirika. Nilidhani ni kukata tamaa. Sasa naona ndiyo hesabu sahihi: seli chache za adenoidi sistiki zilizobaki ukingoni zinaweza kuchukua miaka kuleta shida, na mionzi inaweza kuzichelewesha zaidi, mshono ulioachia hauna miaka.

Kuhusu baada ya upasuaji, watu hawakwambii kuhusu kidevu. Mdogo wangu alizinduka kidevu chake kimeshonwa kifuani. Uzi mnene, kutoka ngozi ya chini ya kidevu hadi ngozi ya juu ya kifua, ili asije akainua kichwa usingizini na kuuvuta mshono wa ndani. Alikaa hivyo siku saba akitazama magoti yake. Alikula ameinama, alilala ameinama, akawasalimia watu kwa kuinua nyusi tu. Siku ya kukatwa uzi alisema jambo gumu zaidi lilikuwa kukumbuka kwamba sasa anaruhusiwa kutazama juu. Kama unaelekea kwenye upasuaji wa trakea, waulize mapema, ili usizinduke ukadhani kuna kitu kimeharibika.

Mionzi: hapa ndipo njia zinapotengana kabisa

Mukoepidemoidi ya daraja la chini, kingo safi, tezi za limfu safi: mionzi haihitajiki. Tibakemikali haihitajiki. Mtu akikupa "kwa usalama zaidi", muombe aeleze usalama huo unatoka wapi, hasa kama mgonjwa ni mtoto, kwa sababu mionzi kifuani mwa mtoto ina madeni yake ya baadaye.

Adenoidi sistiki: mionzi baada ya upasuaji ni ya kawaida, na ukingo ukiwa na seli au ugonjwa ukiwa umeonekana kando ya neva, mimi ningeichukua bila kuzunguka. Vituo vingine huitoa hata kingo zikiwa safi, wakijua tabia ya unyevu ukutani. Hapo hoja ziko pande zote mbili na mgonjwa ana haki ya kusitasita. Kwa kawaida huanza wiki kadhaa baada ya upasuaji, mshono ukishapona, na huchukua wiki tano, sita au zaidi, siku tano kwa wiki, dozi ikizunguka kati ya Gy (grei, kipimo cha mionzi) 50 na 60 na kitu. Umio uko nyuma tu ya trakea, kwa hiyo kumeza kunauma. Kikohozi kikavu kinakuja. Njia inaweza kusinyaa baadaye.

Kama adenoidi sistiki haiwezi kutolewa, kwa urefu wake au kwa mahali ilipokaa, mionzi peke yake, kwa dozi kubwa zaidi, inaweza kuutuliza ugonjwa kwa miaka. Haiuponyi kwa uhakika ambao upasuaji unaweza kuutoa, lakini miaka ni miaka. Vituo vichache duniani hutumia mionzi ya aina nyingine, ya protoni au ioni za kaboni, kwa kazi hii. Kama kuna njia ya kufika huko, inafaa kuulizia kwa ugonjwa usiotolewa, si kama mapambo juu ya upasuaji uliokwenda vizuri.

Kuna na kishawishi cha kamera. Daktari anaingia na kamera ngumu, anachoma au anakwangua uvimbe, hewa inapita, mgonjwa anasimama na kutembea siku hiyo hiyo. Nimeshuhudia, ni kama muujiza. Kwa mtu anayekosa pumzi usiku, ndicho cha kufanya kwanza. Lakini kwa adenoidi sistiki ni kufagia mlangoni tu, uvimbe uliopo ukutani haujaguswa. Kwa mukoepidemoidi yenye shina jembamba, ya daraja la chini, wapo wagonjwa waliotibiwa kwa kamera peke yake. Ningelikubali hilo kama tu moyo au hali nyingine ya mgonjwa hairuhusu upasuaji, na kama atarudi kuangaliwa kwa kamera bila kukosa.

Dawa, kwa kifupi

Ugonjwa uliosambaa ndio wenye habari chache njema. Tibakemikali huigusa adenoidi sistiki kidogo tu. Dawa za vidonge zinazobana mishipa ya damu ya uvimbe, kama lenvatinibu na aksitinibu, husimamisha ugonjwa kwa baadhi ya watu kwa muda, huupunguza kwa wachache, na madhara yake ya shinikizo la damu na uchovu si ya kupuuza. Kwa sababu adenoidi sistiki huenda polepole, kuna wakati uamuzi bora ni kutotoa dawa yoyote: madoa madogo pafuni, hayana dalili, hayakui haraka, basi yapigwe picha kila baada ya miezi kadhaa na maisha yaendelee. Ndugu hulichukia shauri hili. Nami nililichukia. Lakini ni tiba yenye hoja nyuma yake.

Saa mbili tofauti

Hapa ndipo ninapoona watu wakikosea zaidi, kwa sababu wote tumefundishwa kuhesabu miaka mitano. Kwa mukoepidemoidi ya daraja la chini iliyotolewa yote, miaka mitano safi ni habari njema ya kweli. Kwa wengi kitabu kimefungwa. Daraja la juu likirudi, kwa kawaida hurudi mapema, ndani ya miaka ya mwanzo, kwa hiyo picha za mara kwa mara huwekwa hapo.

Kwa adenoidi sistiki, miaka mitano ni katikati ya safari. Inaweza kurudi mwaka wa 8, wa 12, hata baada ya 15, pale pale kwenye mshono au kwa kusambaa kwenye pafu, mfupa au ini. Kwa hiyo anayekwambia "miaka mitano imepita, usirudi tena" amekupa ratiba ya ugonjwa mwingine. Na mtu anayesoma takwimu za miaka mitano za adenoidi sistiki akaona ni nzuri, ajue zinaeleza mwendo wake wa polepole kuliko kupona. Picha ya PET, ambayo uvimbe huonekana ndani yake kwa kung'aa, nayo isikupe raha ya bure: adenoidi sistiki na mukoepidemoidi ya daraja la chini zinaweza kung'aa kidogo sana, au zisionekane kabisa. CT na kamera ndizo za kutegemea.

Upande wa pili wa saa hii una nafuu yake. Mtu mwenye adenoidi sistiki iliyorudi pafuni anaweza kuishi nayo miaka mingi, akifanya kazi na kulea. Kwa mukoepidemoidi ya daraja la juu iliyosambaa, muda huo haupo.

Nyingine, kwa jicho la haraka

Kasinoma ya epithelia na mayoepithelia hukaa ndani ya bronkasi, huwa na tabaka mbili za seli, na kwa kawaida ni ya upole: itolewe yote, ifuatiliwe. Kasinoma ya seli angavu yenye muungano wa jeni ya EWSR1 ni nadra zaidi na nayo kwa kawaida ni ya upole. Adenoma ya pleomofiki kwa kawaida si saratani, lakini vipande vyake vikiachwa inaweza kurudi. Kwa zote hizi, hoja ya kusomwa vioo mara ya pili ina nguvu mara mbili.

Ningechaguaje

Mtoto au kijana, mukoepidemoidi, daraja la chini: ningetafuta mpasuaji anayeokoa pafu, hata kama ni kusubiri wiki chache au kusafiri, kisha nisikubali tiba ya ziada bila sababu iliyoandikwa.

Mukoepidemoidi ya daraja la juu: nisingesubiri. Kipimo cha muungano wa jeni, tezi za limfu zipimwe kabla, kisha timu nzima ikae, mpasuaji na daktari wa saratani kwa pamoja, kabla kisu hakijagusa ngozi.

Adenoidi sistiki ya trakea inayoweza kutolewa: mpasuaji wa trakea, si wa kifua tu. Ningemuuliza amefanya wangapi, ataishia wapi kama ukingo utaendelea kuwa na seli, na nani atatoa mionzi baadaye. Jibu la swali la katikati ndilo litakaloniambia kama niko mahali sahihi. Anayeniahidi kingo safi kabla hajafungua ananitia hofu kuliko anayesema hajui bado.

Adenoidi sistiki isiyoweza kutolewa: njia ifunguliwe kwa kamera, mionzi ya dozi kamili, na picha kwa miaka mingi.

Na jambo dogo la makaratasi. Kinyama kilichotolewa huhifadhiwa ndani ya vipande vya nta maabara, lakini maabara nyingi hazivihifadhi milele. Tulipoenda kuchukua cheti cha kutoka hospitali, mdogo wangu aliomba aandikiwe namba ya vipande vyake na muda vitakaokaa, na kama vitatupwa apigiwe simu kwanza avichukue. Karani alimtazama kama mtu aliyeomba meno yake. Lakini kama doa litajitokeza pafuni mwaka wa 12, mtu atahitaji kulilinganisha na kile cha kwanza ili kusema ni kile kile kilichorudi au ni kitu kipya kabisa. Namba ile tumeibandika nyuma ya kadi yake ya kliniki kwa selotepu, na nakala nyingine ninayo mimi.